Siku ya Upepo Mkali Katika Pwani ya Hookipa

Katika kisiwa cha Maui, ambacho ni kimojawapo cha visiwa vya Hawaii katika Bahari ya Pasifiki, iko pwani fupi iitwayo Hookipa. Kwa lugha ya wenyeji wa visiwa hivyo neno hilo lina maana ya ukarimu, yaani kumpokea mgeni kwa wema. Walakini mgeni atakayeifikia pwani hiyo siku ambayo upepo umechachamaa hatakosa kujiuliza ni ukarimu wa namna gani huo. Matawi ya miti yamelala upande mmoja. Chembe za mchanga humpiga miguuni kama sindano. Mbele yake mawimbi yaliyopita kimo cha mtu mara mbili huinuka, hujikunja na kuporomoka kwa kishindo kinachosikika hadi barabarani. Na upande wa kushoto majabali meusi yametoa meno, yakingoja chochote kitakachopelekwa na maji.

Katikati ya ghasia hiyo wako watu. Kila mmoja amesimama juu ya ubao mwembamba, ameshika tanga kwa mikono miwili, naye hulikabili wimbi uso kwa uso mpaka limrushe juu angani pamoja na chombo chake. Akishuka salama, huendelea na safari yake kwenda kilindini; akigeuka, hurudi akiteleza juu ya mgongo wa wimbi jingine. Huo ndio mchezo wa ubao wa tanga katika mawimbi, na hapo Hookipa ndipo ulipopata sifa yake kubwa duniani.

Msomaji aliyezaliwa pwani atauliza mara moja: Je, mtu mwenye akili timamu huingiaje baharini siku ambayo wavuvi wamevuta vyombo vyao mchangani? Swali hilo ni la haki kabisa. Jibu lake linahusu chombo chenyewe, lakini zaidi linahusu wale ambao mtu ameingia nao majini.

CHOMBO KISICHO NA USUKANI

Ubao wa tanga hauna usukani. Mlingoti wake haukupigiliwa mahali pamoja kama mlingoti wa jahazi, bali umeungwa na ubao kwa kiungo chenye kunyumbuka, nao waweza kulala upande wowote. Kinachousimamisha ni mikono ya mtu. Tanga limezungukwa na mti uliopindwa mfano wa upinde, pande zote mbili, na hapo ndipo pa kushikia. Nahodha akiuinamisha mlingoti kuelekea omo, ubao hugeuka na kuukimbia upepo. Akiuinamisha kuelekea tezi, ubao huupandia upepo upande wa joshini. Mzee wa ngalawa wa Lamu au wa Unguja angeelewa jambo hilo kabla ya kumaliza kuelezwa, ingawa pengine angecheka kuona mtu amejifanya yeye mwenyewe kuwa kamba zote za mlingoti.

Kutokana na umbo hilo chombo hiki kina wema mmoja ambao vyombo vingine havina. Nahodha aliyeshindwa na upepo huliachia tanga. Tanga huanguka majini, na ubao husimama papo hapo. Haupinduki ukamfunika, wala haujai maji. Ubao ni boya lake.

Kuhusu nani alikianzisha, watu waliteta sana hata mahakamani. Newman Darby wa jimbo la Pennsylvania huko Marekani aliunda ubao wenye tanga mwaka 1964, na maelezo yake yakachapishwa katika gazeti mwaka uliofuata. Wamarekani wengine wawili, Hoyle Schweitzer na Jim Drake wa California, waliunda chombo chao mwaka 1967, wakaomba hati ya ugunduzi mwaka 1968, nao ndio waliokieneza ulimwenguni kwa jina la Windsurfer. Drake alikuwa mhandisi wa ndege, na miongoni mwa kazi alizozifanya ni ile ya ndege ya roketi X-15. Huko Uingereza nako ilithibitishwa mahakamani kwamba Peter Chilvers, akiwa kijana, aliwahi kuendesha kitu cha namna hiyo mwaka 1958. Haya yatosha, mawimbi hayamuulizi mtu hati yake.

VIJANA WA KAILUA

Ubao wa kwanza uliouzwa ulikuwa na urefu wa zaidi ya mita tatu na nusu, nao ulikuwa mzito. Ulifaa sana katika maziwa na ghuba zenye maji tulivu. Upepo ulipozidi, ulikuwa adhabu: ulidunda juu ya maji, miguu ikateleza, na mikono ikachoka kabla ya nusu saa kupita.

Walioubadilisha ni kundi la marafiki katika kijiji cha Kailua, kisiwani Oahu, mahali ambapo upepo huvuma kutoka baharini karibu mwaka mzima. Ghuba hiyo imepakana na rasi ya Mokapu, yenye kambi ya wanajeshi wa majini wa Marekani. Miongoni mwa marafiki hao walikuwamo Larry Stanley, Mike Horgan na Pat Love. Alikuwako pia mtoto mmoja, Robby Naish, ambaye mwaka 1976, akiwa na umri wa miaka 13 tu, alikwenda visiwa vya Bahamas akawashinda watu wazima na kutwaa ubingwa wa dunia.

Vijana hao hawakuwa na maabara. Walikuwa na ghuba, upepo, na tabia ya kuvunja vyombo vyao na kuvitengeneza upya jioni. Mnamo mwaka 1977 walifunga mikanda juu ya ubao, ili mguu uingizwe ndani yake kama unavyoingizwa katika kandambili. Jambo hilo laonekana dogo. Lakini kabla yake, kila mara wimbi lilipomrusha mtu, ubao ulipeperuka upande wake naye akaanguka upande wake, na aghalabu ubao ndio uliomwangukia kichwani. Baada ya mikanda, mtu na chombo waliruka pamoja na kushuka pamoja. Ukaja pia mshipi wenye kulabu, ambao nahodha huuvaa mwilini na kuunasa kwenye kamba ya tanga, ili uzito wa mwili wote uvute badala ya mikono peke yake. Aliyekuwa akichoka kwa nusu saa sasa aliweza kukaa baharini mchana kutwa.

Mbao nazo zikafupishwa mwaka hadi mwaka, mpaka zikatokea zile ambazo mtu akisimama juu yake bila upepo huzama naye. Chombo kama hicho hakiwezi kupandwa kwa kuvuta tanga kwa kamba kama zamani. Nahodha hulala chali ndani ya maji, huweka miguu juu ya ubao, hulielekeza tanga kwa upepo, naye upepo wenyewe humnyanyua na kumsimamisha. Mtu asiyejua kupanda kwa njia hiyo hana ruhusa ya kwenda penye mawimbi, na ruhusa hiyo hainyimwi na askari bali na maji.

Kutoka Oahu mchezo ukavuka kwenda Maui, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Mike Waltze na wenzake walikwisha kuifanya Hookipa kuwa shule yao. Mmoja wa wenzake, Fred Haywood, alikwenda Weymouth, Uingereza, mwaka 1983 akaendesha ubao wake kwa kasi ya noti 30.82, ndiyo kusema takriban kilomita 57 kwa saa. Kabla ya hapo hakuna aliyepita noti 30 kwa ubao wa tanga. Miaka 32 baadaye, katika mfereji uliochimbwa maalumu karibu na mji wa Lüderitz, nchini Namibia, Mfaransa Antoine Albeau alifikisha noti 53.27.

Sababu ya Maui kupendelewa ni milima yake. Upande mmoja uko mlima Haleakala, wenye kimo cha mita 3,055, na upande wa pili iko milima ya magharibi ya kisiwa. Katikati yao pana uwanda. Upepo utokao kaskazini mashariki hubanwa hapo kama umati wa watu mlangoni, nao huongeza mwendo. Mawimbi nayo huja hasa miezi ya Novemba hadi Machi, yakiwa yamezaliwa na dhoruba za mbali sana huko kaskazini ya Pasifiki. Hivyo upepo na wimbi hutoka pande mbili tofauti, vikakutana hapo.

MARAFIKI WANNE

Kwa desturi ya pwani hiyo, saa za asubuhi ni za wale wanaoteleza juu ya mawimbi kwa ubao mtupu. Wenye matanga hungoja mpaka saa tano. Kungoja huko si hasara, kwa maana ndipo mambo makubwa yanapoamuliwa.

Mathalani, marafiki wanne wanafika na gari moja. Kila mmoja ana matanga matatu au manne ya ukubwa mbalimbali. Jambo la kwanza wanalobishana ni tanga gani lifungwe. Mtu asiyeujua upepo hudhani kwamba upepo ukiongezeka maradufu, nguvu yake nayo huongezeka maradufu. Sivyo. Upepo wa noti 30 husukuma kwa nguvu mara nne ya ule wa noti 15. Kwa hiyo yule ambaye jana alitumia tanga la mita saba za eneo, leo atatumia la mita nne, na akiwa mwepesi wa mwili hata chini ya hapo. Kijana mwenye majivuno hufunga tanga kubwa ili asionekane mwoga. Rafiki wa kweli humwambia palepale mchangani, mbele ya wote, alifungue. Bora kuaibika mchangani.

Kisha huketi na kuyatazama maji kwa dakika 15 au zaidi. Mawimbi makubwa hayaji moja moja. Huja kwa makundi, na baina ya kundi na kundi huwa na kipindi cha utulivu. Marafiki huhesabu. Mawimbi manne, matano, kisha kimya. Tena matano, kisha kimya. Huangalia pia maji yanakokwenda yakirudi, kwa sababu maji yote yaliyotupwa pwani na mawimbi hayana budi kutafuta njia ya kutoka, na hapo Hookipa hukimbilia upande wa yale majabali.

Hawaingii wote kwa pamoja. Wawili huingia, na wawili hubaki juu ya kilima wakitazama. Au watatu huingia, na mmoja hubaki. Anayebaki si kwamba ameadhibiwa. Yeye ndiye jicho la wenzake, kwa kuwa mtu aliye majini, akishaanguka kati ya wimbi na wimbi, haoni kitu ila ukuta wa maji, wala haonekani na wenzake walio umbali wa hatua 100. Kila tanga lina rangi yake, na aliye juu huhesabu rangi. Moja, mbili, tatu. Akihesabu mbili mara ya pili, husimama.

Kuingia kwenyewe huchukua sekunde chache. Nahodha hungoja utulivu, hukimbia na ubao wake mpaka maji yafike mapajani, huruka juu yake na kuondoka. Ole wake aliyekosa upepo mahali mawimbi yanapovunjikia! Kwa kawaida mlingoti hauvunjwi na upepo. Huvunjwa na maji. Mita moja ya maji, upana, urefu na kimo, ina uzito wa tani moja, nalo wimbi likianguka huanguka na tani nyingi. Mlingoti wa nyuzi za kaboni, uliogharimu mshahara wa miezi kwa wengi, hukatika kama muwa.

Hapo ndipo urafiki unapopimwa. Aliyevunjikiwa na mlingoti karibu na pwani, naye akiona anasukumwa kwenye majabali, ameshafunzwa kuachana na tanga lake na hata ubao wake, aogelee kuyaepuka mawe. Vyombo hununuliwa tena. Lakini aliyevunjikiwa mbali, nje ya mawimbi, kanuni yake ni kinyume: asiuache ubao hata kidogo. Akatae kabisa kuogelea hata kama nchi kavu yaonekana karibu, kwa maana macho ya mtu aliyechoka humdanganya. Akae juu ya ubao, alitoe tanga, apige makasia kwa mikono, au akishindwa, anyooshe mikono yote miwili kwa pande zake na kuiinua na kuishusha polepole. Hiyo ni ishara ya kuomba msaada inayojulikana na mabaharia wa mataifa yote.

Rafiki aliye karibu hufanya mambo mawili. Kwanza humwendea, kumsemesha na kuona hali yake, kwa maana aliyepigwa na ubao kichwani huweza kusema yu mzima kumbe sivyo. Pili, huangalia kama anaweza kumsaidia yeye peke yake. Kumvuta mtu kwa ubao mdogo katika upepo wa noti 30 ni kazi ngumu, na wawili waliochoka ni tatizo kubwa kuliko mmoja. Aghalabu lililo jema ni mmoja akae naye akimzunguka, na wa pili arudi upesi kuwaarifu waokoaji walioko pwani. Wasomaji waliopata mafunzo ya doria watautambua mpango huo bila shida.

WALIOKWENDA PEKE YAO

Mfaransa Arnaud de Rosnay alikuwa miongoni mwa mabingwa wa safari ndefu za ubao wa tanga. Mwaka 1979 alivuka mlango wa bahari wa Bering, kutoka Alaska hadi Siberia. Mwezi wa Novemba 1984 aliondoka pwani ya Uchina akikusudia kuvuka hadi Taiwan, akiwa peke yake. Hakufika, wala hakupatikana. Hakuwako mtu wa kuhesabu tanga lake.

Habari ya Eddie Aikau ni ya namna nyingine, ingawa inatoka katika bahari ile ile ya Hawaii. Yeye alikuwa mwokoaji wa pwani kwa kazi, mtu aliyewatoa wengi katika mawimbi ya Waimea. Mwezi wa Machi 1978 alisafiri na mtumbwi mkubwa Hokulea, uliojengwa kwa mfano wa mitumbwi ya mababu. Usiku upepo ukawa mkali, bahari ikachafuka, na mtumbwi ukapinduka kati ya visiwa. Kulipokucha mabaharia walikuwa wameushikilia tumbo lake, wakisukumwa mbali na njia za meli na ndege. Aikau aliomba aende kutafuta msaada kwa ubao wake wa mawimbi, akaondoka akielekea kisiwa cha Lanai. Wenzake waliobaki waliokolewa usiku uliofuata, baada ya ndege ya abiria kuona fataki zao. Yeye hakuonekana tena, ingawa alitafutwa kwa siku nyingi. Watu wa Hawaii hawamlaumu, wala hakuna sababu ya kumlaumu mtu aliyeondoka kwa ajili ya wenzake. Hata hivyo waokoaji wanaofundisha vijana huitaja siku hiyo wanapofika kwenye ile kanuni ya kutouacha mtumbwi.

AKINA MAMA NAO

Mtu asidhani kwamba mchezo huu ni wa wanaume wenye misuli. Katika kisiwa cha Gran Canaria, mkabala wa pwani ya Afrika Magharibi, kuna kijiji cha Pozo Izquierdo ambacho upepo wake wa mwezi wa Julai ni wa kutisha kuliko hata wa Hookipa. Mapacha wawili wa kisiwa hicho, Iballa na Daida Ruano Moreno, walijifunzia hapo, nao wakatawala mashindano ya mawimbi ya wanawake duniani kwa miaka mingi, mara huyu bingwa, mara yule. Walikuwa na faida moja ambayo haikununuliwa dukani: kila mmoja alipoingia majini, pacha wake alikuwa akimtazama.

Nguvu ya mikono si kitu kikubwa. Tangu mshipi wenye kulabu ulipopatikana, kinachotakiwa ni uzito kuwekwa mahali pake na akili kutulia. Msichana wa kilo 50 aliyechagua tanga la kadiri yake humwacha nyuma askari wa kilo 90 aliyechagua vibaya.

Katika Afrika ya Mashariki upepo unaofaa hauhitaji kutafutwa. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi, ambao ndio wenye nguvu zaidi, kuanzia Mei hadi Septemba. Katika pwani ya Diani nchini Kenya, na ile ya Paje na Jambiani kisiwani Unguja, mwamba wa matumbawe umekaa mbali na ufuko. Wimbi huvunjika juu ya mwamba huo, na ndani yake maji hubaki tulivu ilhali upepo ni ule ule. Mwanafunzi hukaa ndani. Aliyehitimu hutoka mlangoni penye mwamba na kuyakuta mawimbi. Lakini huko nako kuna la kuangaliwa. Wakati wa bamvua maji hupwa mbali sana, na mlango uliopitika mapema huenda baada ya saa chache ukawa mawe matupu na mafundo ya mwani. Wavuvi wa vijiji hivyo huzijua saa hizo bila kitabu, na mgeni mwenye busara huwauliza wao kwanza kabla hajafungua mfuko wake wa matanga.